Zamu ya Mama Mdogo

Chumbani kwangu, 2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka tangu nihame nyumbani: kisigino cha mama kwenye sakafu ya mbao. Pu, pu. Alisimama mlangoni na sahani mkononi, wewe umeinamia redio ya mtu uliyoifungua vipande, naye akapiga mguu, nawe ukainua kichwa. Hukuusikia mlio huo hata siku moja. Uliupata kwa nyayo. Mimi ndiye niliyeusikia, na bado nausikia hapa, ghorofa ya pili, kwenye sakafu ya saruji ambayo hata ukiipiga kwa nyundo haimwambii mtu kitu.

Nazikumbuka pia zile redio. Ulikuwa ukimaliza kuchomelea waya unanigeukia na kuniuliza, "Inaongea?" Nami nasema inaongea, au inakoroma. Watu walileta redio zao kwa fundi kiziwi na zilipona, kwa sababu fundi alikuwa na masikio ya kuazima.

Wenzangu maabara wananicheka kwa kuandika barua. "Unamwandikia nani, serikali?" Nawaambia mashine za meli zilikula masikio ya baba yangu, simu kwake ni kipande cha plastiki. Nilipokutumia ujumbe wa simu kurasa mbili ulinijibu SAWA. Kwenye karatasi angalau unaongea.

Mimi niko vilevile. Asubuhi naletewa chupa za maji kutoka mabomba ya mji, natazama kwenye hadubini vitu ambavyo wanywaji hawavioni, jioni narudi. Jirani yangu wa mlango wa pili hajui jina langu, ananiita Wa Maji. Tukikutana ngazini ananiuliza, "Wa Maji, leo tunywe tusinywe?" Nasema kunyweni. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku, na jirani akisafiri hayo nayo hayapo.

Mwezi wa sita nina likizo, ya kwanza tangu tulipomzika mama mwaka juzi. Nataka kuja nikae mwezi mzima. Nishauri: nipande meli au basi? Nibebe nini? Na uniambie ukweli, nani anakupigia mguu siku hizi? Au unakula chakula kikiwa kimeshapoa?

Binti yako,
Inspekta


Nyumbani, 15 Machi

Inspekta wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, nadhani tarishi aliitumia kama mwavuli.

Njoo. Neno kubwa ni hilo, yanayobaki ni nati na bisibisi.

Meli usipande. Ile mashine niliilea kama mtoto na tabia yake naijua. Mwezi wa sita upepo wa kusi ukichachamaa, mawimbi yanaipiga ubavuni, inaanza kukohoa, na hawa waliokuja baada yangu wanaipa mafuta wakati inataka kubembelezwa. Panda basi. Lile la asubuhi linafika hapa jioni, jua likiwa bado juu ya maji. Kaa upande wa kushoto, utaliona ziwa kabla ya kuuona mji. Ukikaa kulia utaona mlima na mdomo wazi wa jirani yako aliyelala. Stendi imehamishwa, siku hizi iko nyuma ya soko, ukishapita kituo cha maji. Nitakuja kukupokea. Usiniite kwa mbali kama watu wanavyofanya, njoo usoni. Chukua sweta, upepo hauna adabu. Chakula usibebe, hatujawa maskini hivyo.

Umeuliza nani ananipigia mguu. Hilo ndilo nililotaka kukueleza, na bora ulipate kwangu kuliko kwa mtu wa njiani. Mama yako mdogo amehamia hapa tangu mwezi jana, yeye na cherehani yake. Wazee wa pande zote mbili wamekaa na wameafiki, hata mjomba wako, ambaye mvua ikinyesha huwa anapinga. Halikuwa jambo la haraka. Natumaini halitakuwia zito. Mama yako alikuwa mtu wake na alikuwa mtu wangu, na kila tukikaa sisi wawili yeye ndiye wa tatu.

Mbao mbili karibu na mlango zilikuwa zimeoza, nikaweka mpya. Zinatikisika vizuri zaidi.

Andika utakalosema. Nangoja.

Baba yako,
Fundi Mkuu (mstaafu, hajachakaa)


Chumbani kwangu, 28 Machi

Mama mdogo, shikamoo.

Baba ameniandikia kwamba umehamia kwake. Nimesoma nikakaa kitandani na koti la maabara bado mwilini. Sijui nikushukuru kwa maneno gani. Umeacha chumba chako, umeacha wateja wako na sare za shule nzima, ukashuka milima yote ile na cherehani kichwani kwa ajili ya mzee asiyesikia. Naye anaandika kama mtu anayeomba radhi, "natumaini halitakuwia zito." Lingeniwiaje zito mimi, wakati uzito wote ni wako? Tangu msiba nimekuwa nikilala na kuamka na swali moja, nani atakuwa naye. Leo nimelala mchana, mama mdogo. Mchana, kama mtoto aliyeshiba. Dada yako angekuwepo angekubusu mikono.

Nina pia furaha yangu ya choyo. Nikija tutalala kitanda kimoja kama zamani shule zilipofungwa nikaja kwako, unaniwekea ule mguu wako mzito mbavuni, na asubuhi unakana. "Nani, mimi? Mimi nalala kama gogo." Mwaka huu wote hakuna mtu aliyenigusa isipokuwa kwa bahati mbaya, kwenye foleni. Hili nakwambia wewe tu.

Ukurasa huu wa pili usimwonyeshe baba, ni siri. Kituo cha maji cha hapo kwetu kinatafuta mtu wa maabara na mimi nimeomba uhamisho. Wakinikubali, mwezi wa sita siji kutembea, nakuja kabisa. Nitakaa chumbani kwangu, nitampikia, nitampigia mguu, nitamwambia redio inaongea au haiongei. Wewe utakuwa huru kurudi kwako. Umesimama mahali pangu vya kutosha, na mimi ndiye mwana. Acha nije nikupokee zamu.

Usidhani najitoa mhanga. Huku hakuna ninayemfaa. Nikiugua, chupa zitapimwa na mwingine, na jirani atamwuliza mwingine kama anywe. Pale nyumbani kuna mtu mmoja anayenihitaji, nami nimekaa hapa natazama vijidudu.

Wako,
Bi Kimya (leo amesema)


Nyumbani, 10 Aprili

Kwa Bi Kimya wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama, pini mdomoni. Ukurasa wa kwanza ulinifanya nilie mpaka pini ikadondoka, mpaka leo hatujaiona, ukija vaa viatu. Nikampelekea baba yako. Nikamwambia, "Umeona? Ulikuwa unaogopa bure. Mtoto ana moyo mpana." Akasoma, akatoka nje akajidai anatazama mawingu. Mawingu yenyewe hayakuwepo.

Ukurasa wa pili sijampa. Ulisema ni siri, nimeukunja nikautia chini ya kopo la vifungo. Lakini nikwambie, kumficha kitu mtu unayekula naye ni kazi, na kiziwi ndiyo zaidi, maana yeye hasikii uongo, anautazama.

Sasa huo ukurasa nimeugeuza huku na huku kama kitambaa kisichojulikana nje na ndani. Eti nitarudi kwangu. Kwangu wapi, mwanangu? Kile chumba cha mlimani nimemrudishia mwenyewe, sasa hivi anafugia sungura. Na zamu ni zamu gani? Baba yako ameniambia alikueleza vizuri, na yeye si mtu wa kuacha nati haijakazwa. Labda nimesoma vibaya mimi.

Mambo ya kulala tutaona ukifika. Chumba chako nilikijaza vitambaa, nitavisogeza. Mimi sasa nalala, basi, tutaona.

Uhamisho usiukimbilie. Si kwamba sikutaki. Nakutaka mpaka naogopa. Ila mtu ahamie mahali kwa ajili yake mwenyewe, asihamie kwa ajili ya kumpashia mtu mwingine chakula.

Nitumie vipimo vyako vya bega na kiuno nikushonee gauni. Usinidanganye kiuno, nitakuona tu.

Mama yako mdogo


Chumbani kwangu, 23 Aprili

Baba, shikamoo.

Naandika kwa heshima, lakini nitasema.

Barua ya mama mdogo imenitia wasiwasi. Hajawahi kuandika hivi, anazunguka kama mtu anayetafuta mlango. Chumba chake amekirudisha. Nikimwuliza habari ya kulala anasema tutaona. Kama analala jikoni, niambie leo. Nikimwambia apumzike ananiuliza "kwangu wapi?", na mtu akifika mahali pa kuuliza hivyo ujue amechoka mpaka mifupa.

Mama mdogo si mtumishi wako, Baba. Ni dada wa mke wako. Amekuja kwa huruma, nawe naona umeichukua huruma yake kama kiti, umekaa. Usiniambie tena wazee wameafiki. Wazee huafiki haraka jambo lolote ambalo kazi yake itafanywa na mwanamke.

Basi nimepanga hivi. Nafika tarehe 7 Juni kwa basi la asubuhi, tiketi ninayo. Wiki hiyo hiyo mama mdogo arudi mlimani, nitamtafutia chumba kingine, kizuri kuliko cha sungura. Nimeomba uhamisho kuja kituo cha maji cha hapo, nangoja jibu. Mama mdogo alijua, nilimwomba asikwambie, usimlaumu. Wakinikubali nitakutunza mimi, na hata wasiponikubali tutatafuta njia nyingine, si hii.

Unisamehe ukali. Hapa sina wa kumsemea kwa sauti, maneno yanakaa ndani mpaka yanachacha.

Binti yako


Nyumbani, 5 Mei

Inspekta,

Marahaba.

Nimeisoma barua yako nikampa mama yako mdogo. Akaisoma akanirudishia. Halafu akainua kopo la vifungo akanipa ule ukurasa wako. Tukakaa mezani tunatazamana kama watu waliogundua njiani kwamba wamepanda basi la kwenda kwingine.

Mwezi wa tatu nilikuandikia nikadhani nimekwambia. Uliposhukuru, nikadhani umebariki. Yeye alilia kwa furaha, mimi nikatoka nje. Kumbe tulikuwa tunasoma neno moja, kila mtu na lake.

Kosa ni langu. Maisha yangu yote nimeandika taarifa za mashine, na kwenye taarifa ya mashine huandiki "natumaini halitakuwia zito." Unaandika kilichotokea. Basi naandika.

Nimemwoa. Mwezi wa pili, mbele ya wazee wa kwake na wa kwangu. Ni mke wangu. Halali jikoni.

Niliona haya kuliandika hivyo kwa binti yangu. Nikalizungushia wazee, na mjomba, na mbao za sakafu. Tena nikaona bahati imenisaidia: wewe ulikuwa tayari unamwita mama mdogo, na mke mpya wa baba naye ni mama mdogo. Nikasema hata herufi hatabadilisha, hataumia.

Njoo tarehe 7. Nitakuwa stendi. Ukitaka kunigombeza nigombeze usoni, nione midomo.

Baba


Nyumbani, 5 Mei

Mwanangu,

Baba yako amekaza nati yake, sasa mimi.

Baada ya msiba nilikuwa nakuja kumtazama, unajua. Siku moja chakula kiko tayari, nikasimama mlangoni nikapiga mguu kama dada alivyokuwa akipiga. Akainua kichwa upesi, upesi kuliko nilivyotegemea. Akaniona. Uso ukamshuka. Mwanangu, alikuwa amejua kabla hajatazama. Mimi ni mwepesi kuliko dada, mbao zilimwambia si yeye, na bado aliinua kichwa. Nikarudi jikoni nikalia, na chakula tukala kimepoa sote wawili.

Siku iliyofuata sikupiga. Nilikwenda nikamgusa bega. Akasema, "Hapana. Piga mguu. Nijifunze."

Ilianzia hapo, wala hatukujua kama kuna kitu kimeanza. Tulikwenda pole pole kama watu wanaovuka maji wasiyojua kina chake. Hata leo kuna siku anainua kichwa namwona anamtafuta mwingine. Namwacha atafute. Na mimi huwa namtafuta.

Ulisema uje unipokee zamu. Nimeliwaza hilo neno nikikata vitambaa, nikiosha vyombo. Mimi siko zamu, mwanangu. Zamu ina saa ya kutoka. Mimi nipo.

Najua nimekunyang'anya kitu na sijui jina lake. Kukasirika ni haki yako. Ila usikasirike peke yako huko ghorofani. Njoo ukasirikie hapa, nafasi ipo. Cherehani nimeitoa chumbani kwako nikaiweka sebuleni, na baba yako ameshajigonga nayo goti, anatembea kama mtu aliyetoka vitani.

Bado mama yako mdogo


Nyumbani, 9 Juni

Inspekta,

Tangu tulipokuandikia mwezi wa tano hujajibu, lakini nilimwambia mama yako mdogo, tiketi anayo, atakuja.

Basi lilifika. Nilisimama mbele ya mlango wake wakashuka wote, mwanamume na godoro, watoto wa shule, bibi aliyelala njia nzima ukamwona kwa mkunjo wa shavu. Akashuka dereva. Nikamwuliza kama kuna mtu amebaki ndani. Alijibu kitu, anatafuna, sikusoma midomo yake. Nikapanda mwenyewe nikapita viti vyote. Upande wa kushoto, kiti cha dirishani, kulikuwa na ganda la chungwa. Sikujua kama ni lako.

Jana tulipika tena kwa watu watatu. Mama yako mdogo alisema huenda umechelewa kwa siku moja.

Andika mstari mmoja. Hata kama huji, andika siji. Ukimya wa watu nimeuzoea, mimi naishi ndani yake. Wa karatasi siuwezi.

Baba


4 Julai

Baba, Mama mdogo,

Shikamooni.

Ganda la chungwa lilikuwa langu.

Barua yenu ya mwisho ilikwenda kwenye anwani yangu ya zamani. Yule jirani akaiandikia anwani mpya niliyomtumia, na nyuma ya bahasha akaongeza, "Wa Maji, sasa tumwulize nani?" Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko unavyostahili.

Za mwezi wa tano nilizipata zote mbili siku moja. Nilianza kujibu. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya matusi yaliyovaa heshima, niliichana. Ya pili ilikuwa ya pongezi, nikaichana pia, ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Baada ya hapo sikuandika, na Baba, sikujua kwamba wewe unasikia karatasi.

Siku ya safari nilipanda basi, nikakaa kushoto. Nililiona ziwa kabla ya kuuona mji, kama ulivyosema. Lilikuwa kubwa kuliko nililokuwa nalo kichwani. Basi liliposimama kwenye kona ya kituo cha maji kushusha mizigo, nikashuka na begi langu. Nilitaka tu dakika chache za kutembea kabla ya kuonekana. Nikaja kwa miguu nyuma ya vibanda vya soko, na nilipofika stendi basi lilikuwa tupu, nawe ulikuwa ndio kwanza unashuka kutoka humo, Baba. Ukasimama ukinipa mgongo. Shati jipya, limepigwa pasi mpaka linakata. Kola ilikaa vizuri, imeshonwa na mtu anayeijua shingo yako.

Nilikusogelea mpaka nikaona mvi ambazo mwaka juzi hazikuwepo. Nikasema, "Baba." Nikasema tena, kwa sauti, mpaka muuza maji akageuka kunitazama. Nadhani niliweza kusema kwa sababu nilijua husikii. Ilibaki kunyoosha mkono. Mkono haukunyooka.

Kisha mama mdogo akaja kutoka upande wa soko na kapu, nami nikarudi nyuma ya kibanda. Hakuniona, alikuwa anakutazama wewe. Akazunguka akasimama usoni pako, akasema neno fupi, nadhani ni "Twende." Ukatikisa kichwa. Hakukuvuta mkono. Aliweka kapu chini akasimama kando yako, nanyi mkawa mnaitazama barabara pamoja, mnangoja basi ambalo lilikuwa limeshafika. Mlikaa hivyo mpaka vibanda vikaanza kufungwa. Mimi nilikuwa nyuma yenu wakati wote. Nilitazama jinsi watu wawili wanavyongoja kitu kimoja, na ilinichukua muda mrefu kukumbuka kwamba kitu chenyewe ni mimi. Mlipoondoka nilikwenda nyumba ya wageni.

Naomba niseme nilichokielewa, kwa sababu sina hakika nitaweza kukisema mezani. Nilitaka nihitajiwe. Nilijenga nyumba nzima juu ya hilo kule ghorofani: mzee anakula chakula kilichopoa, binti anarudi, mzee anainua kichwa. Mlipoandika kwamba mmeoana, nikajua chakula ni cha moto, niliona mmenibomolea. Na nilichokisema juu ya huruma na kiti, Baba, kilikuwa kinanihusu mimi. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta mahali pa kukaa.

Hilo neno nimelifungua kwenye kamusi, ndiyo tabia yangu. Mama mdogo ni mdogo wake mama. Mama mdogo ni mke wa baba asiyekuwa mama. Maana mbili kwenye mstari mmoja, na mkato katikati. Mwaka huu wote nimekuwa nimesimama kwenye ule mkato. Siwezi bado kusema nimefurahi. Naweza kusema nimeisoma sentensi mpaka mwisho. Mama mdogo, huo mguu wako mzito sasa umepata mwenyewe. Baba, pole kwa mbavu.

Mnisamehe kwa jambo moja zaidi. Mmeangalia muhuri wa posta? Hii haikutoka mbali. Jibu la uhamisho lilikuwa limenifikia kabla ya safari, na begi nililoshuka nalo lilikuwa na vitu vyangu vyote, havikuwa vya mwezi mmoja. Usiku ule sikujua niutumie au niukatae. Mama mdogo uliniandikia mtu ahamie kwa ajili yake mwenyewe, nami nikajiuliza kama ninaye huyo mwenyewe wa kutosha kuhamia kwa ajili yake. Sikupata jibu. Asubuhi nikaenda kituo cha maji nikasaini, nikavaa koti, nikaletewa chupa. Maji ya mji huu yana mchanga kidogo, vinginevyo ni salama, kunyweni.

Nimejificha karibu mwezi mzima katika mji wenye barabara tatu. Mara mbili nimewaona sokoni nikageuka. Mara ya pili mama mdogo alikuwa anabishana na muuza vifungo, akimwambia, "Hivi ni vifungo au ni punje za mahindi?", nikacheka peke yangu nyuma ya magunia kama mwizi. Mtu hawezi kuishi hivyo. Jioni zangu ni zile zile, sina wa kusema naye, nakula nimesimama dirishani. Ila kule nilikuwa nikidhani upweke wangu unatokana na umbali, na sasa umbali haupo, nimebaki nao mkononi, nautazama ulivyo. Si mkubwa kama nilivyofikiri. Ni wangu tu.

Cherehani irudisheni chumbani, Baba asizidi kuumia goti. Kile chumba sikitaki tena. Nasema bila hasira, au kwa hasira ndogo ambayo itaisha yenyewe tukiiacha. Nitakuja. Siku siisemi, msinipangie stendi wala msipike kwa watatu kabla hamjaniona mlangoni.

Nilianza barua hii kwa nia ya kuwaomba ushauri, nikaona ingekuwa uongo. Nimeshapanga chumba juu ya duka la vioo, nyuma ya soko, ngazi ya nje. Kitanda nimenunua, cha mtu mmoja na nusu. Jana niligonga misumari mlangoni nikaweka jina langu.

Binti yenu